Houston wanawaweka wachoraji na waandishi wa uhakiki jengo moja miezi tisa. Kwa nini Ujiji tusiweze?

#1 Mjukuu wa Ujiji
Habari zenu wanajukwaa.

Kuna mpango wa residensi, yaani wa kumpa msanii mahali pa kufanyia kazi kwa muda, unaitwa Core, uko Houston, Texas. Unaendeshwa na shule ya sanaa ya Glassell, ambayo ni mali ya makumbusho ya sanaa ya jiji hilo, Museum of Fine Arts. Ulianza 1982. Wanachukua wasanii chipukizi waliomaliza masomo, na pamoja nao wanachukua waandishi wa uhakiki, watu ambao kazi yao ni kutazama sanaa na kuiandika. Msimu mmoja ni Septemba hadi Mei, na mtu anaweza kuongezewa wa pili. Mchoraji anapewa studio, mwandishi anapewa ofisi, wote wana posho na wanaruhusiwa kutumia maktaba ya makumbusho. Kuna maonesho na kuna kitabu cha mwaka chenye kazi zao.

Posho ni nzuri, lakini kilichonishika ni kwamba mwandishi anaiona kazi ikiwa bado mbichi, siku mchoraji anapofuta na kuanza upya. Sisi huku kazi tunaiona imeshakauka, na hata hapo hakuna anayeiandika.

Hoja yangu: Kigoma hatujapungukiwa mikono. Shuka ufukweni Kibirizi uangalie vyombo vya majini vilivyoandikwa. Pita Mwanga uangalie mabango ya vinyozi. Nani ameandika ukurasa mmoja wa maana kuhusu fundi mmoja kati ya hawa? Chombo kikizeeka kinapasuliwa kuni na kazi ya mtu inaingia jikoni. Na makumbusho tunayo, pale Ujiji.

Tukianza na wachoraji wawili na mwandishi mmoja, kwa miezi mitatu, tunakwama wapi? Nawasilisha.

#2 Fundi Kibirizi
Mkuu, mimi ni mmoja wa hao wanaoandika vyombo, kwa hiyo naomba nijibu kabla wasomi hawajafika.

Huyo mwandishi akikaa na mimi miezi mitatu, atakula nini? Na mimi nitapata nini? Kwetu mwenye chombo akija akazunguka, akasema rangi imekaa, akanilipa, kazi imeshahakikiwa. Asipolipa pia nimehakikiwa.

Sipingi. Nauliza.

#3 Mnyamwezi wa Kwihara
Kwa nini Ujiji? Livingstone na Stanley hapo kwenu walisalimiana tu. Waliishi kwetu Kwihara. Stanley aliondoka Machi 1872, Livingstone akabaki kwenye tembe hadi Agosti akisubiri wapagazi. Tembe lipo, kilomita chache kutoka Tabora mjini, na kuna utulivu wa kuandika. Wachoraji waleteni, asali ya kuwalisha tunayo.

#4 Mjukuu wa Ujiji
Mnyamwezi, nilijua utafika. Kaa hapo, asali yako tutaihitaji.

Fundi Kibirizi, swali lako ni la haki na sina jibu kamili. Wenye uzoefu wasaidie.

#5 Mwalimu Katubuka
Mada nzuri. Nafundisha Kiswahili sekondari, naomba niseme ninachokiona darasani.

Uhakiki tunaufundisha kila siku. Mwanafunzi wa kidato cha tano anahakiki riwaya, tamthilia na ushairi, anakutajia dhamira, wahusika, matumizi ya lugha. Ila hajawahi kusimamishwa mbele ya picha akaambiwa aseme anaona nini. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi kwenye ukuta mmoja uliochorwa nikawaambia waandike ukurasa. Karibu wote waliandika "msanii amefaulu" wakaorodhesha maudhui. Hakuna aliyetaja rangi hata moja. Na ukuta wenyewe ulikuwa wa kijani kutoka juu hadi chini.

Kwa hiyo kwangu tatizo liko shuleni. Ukileta residensi leo, mwandishi utamtoa wapi?

#6 Gungu Line
Huko Houston si ndiko alikopita yule mchoraji Mkenya, Julie Mehretu? Yule ambaye mchoro wake uliuzwa mamilioni ya dola. Kama residensi inamtoa mtu hivyo, mimi kesho nanunua rangi.

#7 Bi Mawese
Gungu Line, Core alipita kweli, miaka ya 1990 mwishoni, lakini Mehretu si Mkenya. Alizaliwa Addis Ababa 1970 na familia yake ikahamia Marekani 1977. Mkenya unayemfikiria pengine ni Wangechi Mutu, ambaye alikuwa kwenye residensi ya Studio Museum in Harlem, New York, mwaka 2003 hadi 2004. Hiyo ya Harlem imekuwapo tangu makumbusho yenyewe yanaanzishwa 1968, na kawaida wanachukua wasanii watatu kwa mwaka.

Na hayo mamilioni: mnada wa New York wa Novemba 2023, mchoro wa Mehretu ulipita dola milioni 10. Mnadani anayelipwa ni aliyekuwa anaumiliki mchoro. Mchoraji alishauuza zamani. Nunua rangi, lakini nunua kwa sababu unataka kuchora.

#8 Gungu Line
Nimeelewa Bi Mawese, asante. Rangi nitanunua hivyo hivyo.

#9 Kalamu ya Ziwa
Mwalimu Katubuka, nakupinga kidogo. Waandishi wapo. Kinachokosekana ni mahali pa kuandikia panapolipa.

Nimewahi kuandikia gazeti moja nikiwa mkoani. Nilikwenda kwenye maonesho ya wachoraji, nikakaa siku nzima, nikaandika habari ndefu ya picha tatu zilizonikosesha usingizi. Ilipotoka zilibaki aya tano: nani alikuwa mgeni rasmi, alisema nini kuhusu vijana kujiajiri, nani alitoa neno la shukrani. Jina la mchoraji mmoja halikuwepo kabisa. Mhariri hakuwa mtu mbaya. Aliniambia ukurasa hauna nafasi ya picha, na mgeni rasmi ndiye anayesomwa.

Baada ya hapo unaandika nini tena? Unaandika mgeni rasmi. Ndiyo maana mpango wa Houston una akili: umemtoa mwandishi kwenye ukurasa wa gazeti ukamweka mahali ambapo hakuna mgeni rasmi.

#10 Malenga Mstaafu
Vijana mnaongea kana kwamba uhakiki umeshushwa na meli juzi.

Ujiji hii hii imemtoa Saadani Kandoro, mshairi aliyekuwa pia katika kuasisiwa TANU 1954. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza 1923, washairi wa bara na pwani walikuwa wakijibizana kwa beti. Mtu anatunga, mwenzake anamjibu kwa vina vile vile, anamwonesha mizani ilipoyumba, hoja ilipolegea. Hapo hakuna ofisi wala posho. Na kwenye ngoma za beni vikundi vilishindana kwa sare na nyimbo, na kila upande uliijua kasoro ya mwenzake, ukaiimba.

Uhakiki tulikuwa nao, tena hadharani. Tumeuacha. Kwa nini tumeuacha ndilo swali.

#11 Mwalimu Katubuka
Mzee Malenga, shikamoo. Naheshimu hoja, ila hao walihakikiana shairi kwa shairi. Mchoraji wa chombo atajibiwa kwa chombo?

#12 Malenga Mstaafu
Marahaba mwanangu. Ndiyo, atajibiwa kwa chombo. Muulize Fundi kama hajawahi kuandika herufi kubwa zaidi kwa sababu tu aliona za mwenzake.

#13 Fundi Kibirizi
Mzee hapo umenishika. Ni kweli kabisa.

#14 Dada wa Buhigwe
Naomba nilete kisa cha nyumbani.

Mdogo wangu anachora. Aliomba residensi moja nje ya nchi, sitaitaja. Picha zake walizipenda. Wakamtaka barua ya maelezo ya kazi yake, kwa Kiingereza, maneno kama 500. Yeye anachora, hajui kuyasema hayo kwa Kiingereza, akatafuta mtu mjini akamwandikia kwa malipo. Barua ikaja nzuri sana, imejaa maneno mazito. Akaitwa mahojiano kwa video. Wakamsomea sentensi kutoka kwenye barua yake wakamwomba aifafanue. Hakuwa anaijua. Alinyamaza mpaka wakadhani mtandao umekatika.

Hakuipata. Na hadi leo picha zile zinaning'inia sebuleni kwa mama, na ni nzuri kuliko barua ile mara mia.

Sasa fikiria angekuwa amekaa na mwandishi anayemwelewa, anayemuuliza kwa Kiha au Kiswahili "hapa kwa nini umeacha peupe?" Angejijua. Barua ingetoka kwake. Mimi kwangu faida ya huyo mwandishi ndiyo hiyo, Fundi Kibirizi, kama bado unaulizia faida.

#15 Fundi Kibirizi
Dada, pole kwa mdogo wako. Hapo nimeanza kuelewa.

#16 Mtaa wa Lumumba
Mnasahau kwamba Dar kuna Nafasi Art Space tangu 2008, kule Mikocheni. Studio zipo, wasanii wapo, mafunzo yapo. Vijana waende huko. Kwa nini kila mkoa utake cha kwake?

#17 Mjukuu wa Ujiji
Kwa sababu kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na ukifika Mikocheni unachora ukiwa mbali na ziwa. Nafasi wanafanya kazi kubwa, sina neno juu yao. Lakini mtu anayeandika vyombo vya Kibirizi atamwandika nani akiwa Mikocheni?

#18 Bangwe Ng'ambo
Upande wa lugha nina la kuongeza, maana nasikia mnasema uhakiki ni Kiingereza.

Ng'ambo ya ziwa, Lubumbashi, alikuwepo mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia yote ya Kongo, picha kama 100, kuanzia zamani kabla ya Wabelgiji mpaka Lumumba na baada yake. Mtafiti Johannes Fabian alikaa naye, wakazipitia picha moja moja, mchoraji akieleza kwa nini ameweka hiki na kile, na yote yakarekodiwa. Lugha ilikuwa Kiswahili, Kiswahili cha kwao Katanga, si hiki chetu cha redioni. Picha hizo sasa ziko makumbusho ya Amsterdam.

Kwa hiyo mchoraji na mwandishi kukaa chumba kimoja wakazungumza Kiswahili juu ya picha, limeshafanyika zaidi ya miaka 50 iliyopita, jirani yetu hapa. Kinachoniuma ni kwamba mwandishi alikuwa mgeni, picha zikaenda mbali, na Tshibumba mwenyewe akapotea miaka ya 1980 bila kujulikana mwisho wake. Residensi yetu mwandishi awe wa hapa hapa. Hapo sitaki mjadala.

#19 Mnyamwezi wa Kwihara
Bangwe Ng'ambo, asante sana kwa hii. Sikuwa naijua.

#20 Bi Mawese
Na mnaodhani lazima wawe watu wawili, mmoja anachora na mwingine anaandika, someni kuhusu Everlyn Nicodemus. Mtanzania, kazaliwa Kilimanjaro 1954. Maonesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, 1980. Anachora na anaandika uhakiki na historia ya sanaa ya Afrika, na udaktari wa falsafa ameuchukua Uingereza 2012. Mwaka 2022 National Portrait Gallery ya London ilinunua picha aliyojichora mwenyewe.

Ngazi ya kwanza ilikuwa makumbusho yetu wenyewe. Makumbusho hayohayo yalimfungulia mlango mtu ambaye hakuwa na jina. Msiseme haiwezekani.

#21 Kalamu ya Ziwa
Bi Mawese, alianzia kwetu, akaendelea kwao. Miaka yote katikati hapo nani kwetu aliandika juu yake? Ndiyo maumivu yangu.

#22 Mtaa wa Lumumba
Haya, tuseme makumbusho ya Ujiji imekubali. Nani analipa? Houston wana matajiri. Sisi tuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, lakini kinachotoka pale kwa msanii ni mkopo, na mkopo unarudishwa. Mwandishi wa uhakiki atarudisha kwa kuuza nini?

#23 Gungu Line
Nimemtafuta huyo Glassell ni nani. Alfred Glassell alikuwa tajiri wa mafuta, na mwenyekiti wa bodi ya makumbusho ile. Lakini sikilizeni hii: ni mvuvi! Agosti 1953, Cabo Blanco, Peru, alivua kwa ndoano samaki aina ya marlini mwenye uzito wa ratili 1,560, yaani zaidi ya kilo 700. Rekodi yake haijavunjwa hadi leo.

#24 Fundi Kibirizi
Kilo 700?! Kwa ndoano? Huyo angeshuka Kibirizi tungemwandikia chombo bure.

#25 Mnyamwezi wa Kwihara
Na nyie mnakuja Tabora kujisifia samaki wenu kuhe.

#26 Dada wa Buhigwe
Rudini kwenye mada jamani 😄

#27 Mtembeza Wageni
Habari za jioni. Nimeshawahi kufanya kazi ya kutembeza wageni pale Ujiji, naomba nieleze makumbusho kwa mtu asiyeijua.

Kuna sanamu mbili, Livingstone na Stanley, kimo cha mtu, wamevua kofia wanasalimiana. Kuna mnara nje na miembe. Wageni wengi wanakuja na swali moja: ni hapa? Tunawaambia ndiyo, 10 Novemba 1871 kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, wanapiga picha chini ya mwembe ule ule wa siku ile, wanaondoka.

Maoni yangu ni kwamba makumbusho ya namna hii imejengwa kwa ajili ya jambo lililokwisha. Ukimleta mtu anayefanya jambo ambalo halijaisha, anayemwaga rangi sakafuni, hakuna hata utaratibu wa kumpa ufunguo. Kwangu fedha inakuja baada ya hapo.

#28 Bi Mawese
Mtembeza, mwembe si ule ule. Wa mwaka 1871 ulikufa karne moja iliyopita. Iliyopo ni mizao yake.

#29 Mtembeza Wageni
Mizao yake, sawa, na ndivyo kibao kinavyopaswa kusomwa kwa sauti kwa kila mgeni. Hoja ya ufunguo inabaki.

#30 Kalamu ya Ziwa
Mtembeza, hapo hapo ndipo mwandishi anahitajika! Sanamu ni mbili. Msafara wa Stanley uliingia Ujiji na wapagazi, bendera na milio ya bunduki. Susi, mtumishi wa Livingstone, alitoka mbio kumlaki mgeni, akamrudia bwana wake na habari. Susi na mtumishi mwenzake Chuma ndio waliokuja kuubeba mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo 1874. Wenyeji wa Ujiji walikuwa wamejaa barazani siku ile. Wote hao hawana sanamu.

Mpe mwandishi miezi mitatu mbele ya sanamu mbili, mpe mchoraji ukuta ulio nyuma yake. Kazi ya kwanza ya residensi mnayo tayari.

#31 Mnyamwezi wa Kwihara
Na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Andikeni hilo ukutani kwa herufi za Fundi Kibirizi.

#32 Mpita Njia Kasulu
Naomba nilete wasiwasi, maana mnakwenda kasi.

Makumbusho ikimlipa mhakiki, mhakiki ataihakiki makumbusho? New York kuna mpango mkongwe wa makumbusho ya Whitney, tangu 1968, nao una wasanii na waandishi wa nadharia pamoja. Mei 2025 makumbusho yale yalifuta onesho la washiriki lililohusu maombolezo ya Wapalestina. Watu wakalalamika, na mwezi uliofuata mpango wenyewe ukasimamishwa kwa mwaka mzima. Zaidi ya miaka 50 ya kazi, ukasimama ghafla.

Sasa ikiwa kule kwenye fedha na wanasheria ni hivyo, hapa Ujiji mwandishi akisema sanamu mbili hazitoshi, siku inayofuata chumba chake kitakuwa wazi? Bora uhakiki ujitegemee, hata kama ni maskini.

#33 Mjukuu wa Ujiji
Mpita Njia, hoja nzito. Lakini uhakiki unaojitegemea tunao sasa hivi, na haujaandika neno moja.

#34 Mpita Njia Kasulu
Haujaandika kwa sababu ya njaa, si kwa sababu ya kujitegemea.

#35 Binti Rusimbi
Nimesoma uzi wote toka juu. Mnabishana kama inawezekana, naomba nijaribu. Mzee Malenga na Fundi Kibirizi mnisahihishe.

Wiki iliyopita ilikuwa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawakutoka, vyombo vikawa ufukweni. Nilisimama mbele ya kimoja kilichoandikwa RIZIKI HAIGOMBWI. Herufi nyekundu, ukingo wa njano, kivuli cheusi chini kulia. Neno la kwanza limekaa kwa raha, kila herufi ina nafasi yake. Neno la pili linaanza vizuri, lakini likifika BWI herufi zinabanana, ile I ya mwisho imesimama wima kwenye ukingo wa ubao, haina hata kivuli. Chini ya maneno kuna mgebuka, mdomo wazi, amechorwa kwa mstari mmoja usiositasita. Anatazama nyuma ya chombo.

Vyombo vingine nilivyoviona samaki anatazama mbele, anaongoza. Huyu anaelekea kinyume na safari. Nilisoma maneno tena. Ikiwa riziki haigombwi, samaki huyu anaondoka na hakuna anayemkimbiza. Na lile neno "haigombwi" lenyewe linagombea nafasi kwenye ubao. Niliona chombo kinachosema jambo moja kwa maneno na jingine kwa mchoro, na sijui ni kipi mwenye chombo anakiamini anapokuwa katikati ya ziwa usiku.

Ndiyo hivyo.

#36 Dada wa Buhigwe
Binti, nimesoma mara mbili. Hongera.

#37 Kalamu ya Ziwa
Hakuna mgeni rasmi hata mmoja humu. Asante Binti.

#38 Fundi Kibirizi
Chombo hicho nakijua vizuri kwa sababu nimekiandika mimi.

Kwanza BWI. Pale ubao una kiungo. Kwenye kiungo kuna pamba na lami, mbao zikivimba kwa maji rangi inapasuka kabla ya mwezi kuisha. Herufi ikikaa juu ya kiungo inakatika katikati, na chombo kinasomeka kitu kingine kabisa. Ndiyo maana nikazisukuma zote upande mmoja. Ile I ningeipa kivuli, kivuli kingeangukia kwenye kiungo.

Pili samaki. Mkono wangu unamchora samaki akitazama kushoto. Nimemchora hivyo tangu nilipofundishwa, mstari unatoka mara moja. Ubavu wa kushoto wa chombo, anayetazama kushoto anatazama mbele. Ubavu wa kulia, samaki yule yule anatazama nyuma. Wewe umesimama kulia. Ungezunguka chombo ungemkuta mwenzake anaongoza safari kama unavyotaka.

Mwandishi, zunguka chombo.

#39 Gungu Line
Hapo Binti kapigwa chenga ya mwili.

#40 Binti Rusimbi
Fundi, asante. Ya kiungo sikuwa naijua na imenifurahisha kuliko nilichoandika, nitaiongeza. Ubavu wa pili nitakwenda kuuangalia.

Lakini samaki wa ubavu wa kulia bado yupo pale, bado anatazama nyuma. Anayepita ufukweni akitokea sokoni anamwona huyo, haoni mkono wako wala aliyekufundisha. Sababu yako ni ya kweli na nilichokiona nacho ni cha kweli. Sioni kimoja kinafutaje kingine.

#41 Malenga Mstaafu
Binti anajibu kwa vina vile vile. Endeleeni.

#42 Mwalimu Katubuka
Fundi, ulipomchora ubavu wa kulia ulijua atatazama nyuma?

#43 Fundi Kibirizi
Nilijua. Mwenye chombo alisema acha, samaki ni samaki.

#44 Mpita Njia Kasulu
Na mnaona? Haya yote yametokea bila makumbusho, bila posho, bila fomu.

#45 Mjukuu wa Ujiji
Yametokea mara moja, Mpita Njia, kwa sababu Binti alikuwa na siku ya kupoteza. Mwezi ujao atakuwa na mitihani au kibanda cha kuangalia. Miezi mitatu ya posho ingetupa vyombo 30.

#46 Mtembeza Wageni
Nimeongea na mtu mmoja kuhusu ufunguo. Sijapewa jibu, sijakataliwa pia. Ameuliza barua itatoka kwa nani na itakuwa na muhuri gani.

#47 Mnyamwezi wa Kwihara
Kwihara hatuulizi muhuri. Nawakumbusha tu.

#48 Fundi Kibirizi
Binti Rusimbi, mbalamwezi ijayo njoo asubuhi, jua halijawa kali, rangi inakauka taratibu. Nitakuwa na chombo kipya, napiga mkono wa kwanza. Nitakuonesha cha kuandika.

#49 Binti Rusimbi
Nitakuja Fundi, nitabeba na msasa. Ila cha kuandika nitakichagua mwenyewe. Ukinichagulia nitakuwa mpiga debe wako.

#50 Fundi Kibirizi
Chagua. Lakini kabla hujakiweka humu, unisomee kwanza mimi na mwenye chombo. Yeye ndiye aliyelipa rangi.

#51 Bi Mawese
Wewe usomewe, sawa. Mwenye chombo asomewe kwa kipi? Akisema "toa hiyo ya samaki", Binti atatoa?

#52 Fundi Kibirizi
Bi Mawese, chombo ni chake.

#53 Kalamu ya Ziwa
Chombo ni chake, maandishi ni ya Binti. Nimeshaacha mhariri mmoja, simtaki wa pili Kibirizi.

#54 Malenga Mstaafu
Asomewe. Akikataa, na kukataa kwake kuandikwe.